Mwanangu, wafundishe waone mkono wako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, mama yako anakusalimu.

Juzi kwenye simu nilikusikia mnyonge. Ulisema utachukua wanafunzi wa gita hapo kwako Michenzani, mmoja mmoja, kwa kuwa roki yako ya majaribio hailipi kodi ya nyumba. Ukalisema kama mtu anayekiri kosa. Ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Aliyenifunza kupiga udi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi hasa. Lakini kila akitaka kutia nyuzi sauti, aligeukia ukutani. Tulisikia vigingi vikilia, kri, kri, kisha anageuka, udi uko tayari. Miaka minne nilipiga udi nisioweza kuutia sauti mwenyewe. Uzi ukilegea katikati ya harusi, nilikaa nimeukumbatia tu mpaka aje. Alipofariki nikaanza kutafuta kwa sikio, usiku, peke yangu, na nyuzi nilizokata Mungu anazijua. Sikumchukia, naye alifunzwa vivyo hivyo. Ila uchungu ule haujanitoka.

Sasa mtazame yule Mwingereza wako, mpiga gita Robert Fripp. Wewe ndiye uliyenieleza, umeme umekatika tumekaa barazani, alivyotumia mashine mbili za tepu: moja inanasa sauti, utepe unapita hadi ya pili, sauti inarudi baadaye kidogo naye anapiga juu yake, tena na tena. Nikakwambia hivyo ndivyo fidla na ganuni zinavyojibizana, ila yeye anajijibu mwenyewe. Alivunja bendi yake ya roki, King Crimson, mwaka 1974, jina lao likiwa juu; 1977 yuko Berlin anampigia gita mwimbaji David Bowie. Mwaka 1985 akaanza kuendesha mafunzo ya gita kule Claymont, West Virginia, Marekani. Alikuwa na namna yake mwenyewe ya kutia nyuzi sauti, C, G, D, A, E, G, kuanzia uzi mnene. Hakugeukia ukuta. Aliwapa wanafunzi wake.

Basi mwanafunzi akija, pedali na amplifaya ziweke kando. Mkae goti kwa goti, aone mkono wako. Kutia nyuzi sauti kuwe ndiyo somo la kwanza, na asiondoke mpaka afanye mwenyewe. Hewa ya bahari inakula nyuzi, mfunze kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila akimaliza. Ada itaje siku hiyohiyo, usione haya. Waje baada ya alasiri, wakishatoka skuli. Asubuhi zako usimuuzie mtu, hizo ni za muziki wako.

Na akija mtoto anataka taarabu, usimrudishe. Najua shingo ya gita imekatwa vipande na robo sauti za maqamu, zile ngazi za sauti za Kiarabu, hazikai pale. Lakini wewe umekulia miguuni mwa udi. Mwoneshe jinsi ya kuusukuma uzi kwa kidole, pole pole, mpaka sauti ile itoke.

Jirani anapanda boti Jumamosi. Nimempa risha yangu ya pembe ya kupigia udi, ile nyeusi, imo kwenye bahasha pamoja na karafuu za mama yako. Imelika upande mmoja, hapo ndipo kidole changu kilipokaa.

Mwanafunzi wa kwanza akimaliza somo, nipigie usiku huohuo, hata kama nimelala. Nataka unambie mkono wake ukoje.

Baba yako