Supachaja ya Mbeya isipimwe kwa hewa ya Mbeya tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye IST, Premio na Probox zilizotembea kilomita laki mbili na zaidi, ambao siku hizi wanaulizia gereji bei ya kufunga supachaja, yaani pampu ya kusukumia injini hewa nyingi zaidi, kwenye gari la kazini na la kupeleka watoto shule.

Hamu yenyewe ina sababu. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ambayo Dar es Salaam ina mgandamizo wa 14.7 psi (pauni kwa inchi ya mraba), huku inabaki na 12 hivi. Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye nyingi za gari hizi, iliyotoka kiwandani na nguvu farasi takriban 110, ikifika Mwanjelwa inabaki na kama 90, kabla hujapakia abiria wala gunia la viazi. Supachaja inazirudisha hizo zilizopotea, na zaidi. Tatizo ni namna mafundi wetu wanavyoipima.

Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye kreki (shafti kuu ya injini), na ukubwa wa puli ndio unaoamua hewa itazidishwa takriban mara ngapi. Nasema itazidishwa, kwa sababu wengi wanadhani inajumlishwa. Chukua puli inayozidisha mara 1.5. Mbeya, 12 inakuwa 18, na geji inaonyesha 6 za ziada. Mwenye gari anafurahi. Gari hilo hilo likishuka Kitonga hadi Dar, 14.7 inakuwa 22, na geji inasoma 7 na kitu, kwenye joto la nyuzi 32, bila mtu kugusa puli. Tabo, ile inayozungushwa na moshi wa injini, ina vali ya kumwaga presha ikizidi. Supachaja za mkanda nyingi zinafungwa bila kitu kama hicho. Gari lililokwenda vizuri huku mwezi mzima linaweza kutoboa pistoni likiwa Chalinze.

Kwa 1NZ-FE, ambayo kiwandani ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1 (pistoni inabana hewa hadi iwe ndogo mara 10.5), puli isizidishe zaidi ya mara 1.4. Huku geji itasoma karibu 5, Dar karibu 6, na hapo uishie. Toyota wenyewe walipofunga supachaja kwenye injini yao ya 4A-GZE, za mwanzo waliziteremsha hadi 8 kwa 1. Hawakufanya hivyo kwa kupenda.

Kabla ya kununua hata boliti, injini ipimwe. Pasha moto mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe, chomoa plagi zote nne, kata umeme wa koili na injekta, funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi, silinda moja moja, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka sindano iache kupanda. Kitabu cha injini kinataka karibu 213 psi. Mbeya, injini nzima kabisa itasoma 170 hadi 175 kwa sababu ya hewa, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba imekufa. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti ya silinda na silinda. Ikizidi 14 psi, simama hapo. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: namba ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, fungua hedi utazame valvu.

Ringi zikichoka, gesi inapita kando ya pistoni kwenda kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukiongeza presha juu, gesi hiyo nayo inaongezeka na inatafuta pa kutokea. Itasukuma sili ya kreki, au itapanda na mvuke wa oili kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye hewa inayoingia. Oili ikichanganyika na petroli inashusha oktani (uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati), na injini inaanza kugonga, mlio kama kokoto kwenye kopo. Fungeni kopo la kudaka oili kwenye bomba hilo. PCV (vali ya kutolea gesi za sampu) ya kawaida nayo haizibi kabisa ikisukumwa kutoka upande wa manifoldi, bomba la kugawia silinda hewa, kwa hiyo mpira wake uwekewe vali ya njia moja. Injini inayomaliza lita moja ya oili kila kilomita 1,000 isiguswe kabisa mpaka ifunguliwe.

Halafu petroli. Regyuleta ya presha ya petroli ya injini hii imo ndani ya tangi, inashikilia karibu 47 psi, na haijui kinachoendelea kwenye manifoldi. Hewa ya supachaja inasukumana na petroli kwenye mdomo wa injekta, hivyo injekta inatoa kidogo wakati ule ule injini inapohitaji nyingi. Ndiyo maana lazima injekta kubwa, pampu mpya, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyopangwa upya. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari inaona vizuri karibu na 14.7 kwa 1 tu, yaani uzito wa hewa kwa petroli (si ile 14.7 ya psi). Tafuta ya wigo mpana. Ukiwa umekanyaga, isome 11.5 hadi 12. Ikipanda 13, toa mguu. Taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, irudishwe nyuma digrii moja hivi kwa kila psi. Plagi ziwe baridi, yaani zinazotoa joto haraka, kwa namba moja (kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi), na mwanya ushuke kutoka 1.1 hadi 0.8 milimita.

Hewa ikigandamizwa mara 1.4 inaongezeka joto zaidi ya nyuzi 40, kwa hiyo intakula, rejeta ya kupoza hewa hiyo, si urembo. Na themostati, vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, irudishwe mahali pake! Sijui nani alianza tabia hii ya kuing'oa, lakini injini isiyopata moto inamwagiwa petroli nyingi, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Vile vifeni vya umeme vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la supachaja msivinunue. Kusukuma hewa ya injini ya lita 1.5 kwenye mzunguko 6,000 hadi 5 psi kunahitaji zaidi ya kilowati 3. Kwa umeme wa volti 12, hiyo ni zaidi ya ampea 250. Kile kiwaya chake chembamba kingeshayeyuka.

Kazi ikiisha, gari lisipimiwe barabara ya Uyole peke yake. Lishushwe Kyela, ambako ni karibu mita 500 tu juu ya bahari na joto lipo, kisha lipandishwe kuelekea Tukuyu kwa gia ya tatu, dereva akitazama barabara na mtu wa pili akitazama geji. Likigonga hapo, supachaja ifungwe puli kubwa zaidi, ili izunguke taratibu, siku hiyo hiyo.

Ombi langu kwa wenye gereji ni moja. Mkimkabidhi mteja gari, mwandikieni kwenye karatasi kipenyo cha puli, namba ya plagi, ukubwa wa injekta na presha iliyosomeka Mbeya na Kyela. Nakala moja mwenye gari aipeleke kwa kampuni ya bima yake, maana bima kubwa inaweza kukataliwa kwa gari lililobadilishwa bila taarifa. Nyingine ikae kwenye dashibodi, fundi wa Dar aione kabla hajafungua boneti.

Fundi wa magari,
Mwanjelwa, Mbeya.