Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekimbia kila siku

Mpwa wangu,

Marahaba. Shikamoo yako niliipokea Jumapili ile ulipopita kwangu Ilazo, hapa Dodoma, lakini sikukujibu swali uliloniuliza ukiwa umeinama mlangoni unafunga kamba za viatu: "Mjomba, kwani kufanya mazoezi kila siku kuna ubaya gani?" Nilicheka nikakwambia tutaongea. Leo nakujibu, na nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu kila alfajiri nawaona vijana wa rika lako wakikimbia kandokando ya barabara ya Dar es Salaam, na sidhani kama wengi wao wana mjomba wa kuwasumbua.

Kwanza nikueleze nilichokiona siku ile, maana wewe mwenyewe hukukiona. Ulipoketi ulishusha soksi, ukawa unaubonyeza muundi wa mguu wa kushoto kwa kidole gumba, mahali palepale pamoja, huku mazungumzo yakiendelea kuhusu mambo mengine kabisa. Kisha ukanionyesha kwenye simu ile hesabu ya siku 112 mfululizo, kwa fahari ya mzazi aliyemaliza ada ya mwaka mzima. Nilipiga hesabu baada ya wewe kuondoka. Kilomita 10 kwa siku 112 ni kilomita 1,120, yaani ni kama umekimbia kutoka hapa hadi Dar es Salaam, ukarudi, ukageuza tena na kuikaribia Morogoro, bila kulala njiani hata siku moja.

Jibu lenyewe ni hili. Kuutembeza mwili kila siku hakuna ubaya wowote, na laiti sisi wa maofisini tungefanya hata nusu yake. Ubaya uko katika kuufanyisha kazi ngumu ileile kila siku bila kuupa nafasi ya kutengeneza ulichokiharibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili katika wiki. Ona kwamba hesabu hiyo ni ya wiki. Namna ya kuzigawa dakika hizo katika siku wameiacha mikononi mwako. Wewe unakimbia kwa kasi karibu saa nzima kila siku, kwa hiyo dakika zako ni 420 za mazoezi makali, karibu mara tatu ya kiwango cha juu kinachotajwa pale. Sisemi kwamba anayevuka kiwango hicho ameshajidhuru, kwa kuwa mwongozo wenyewe haukiweki kama ukuta. Ninachosema ni kwamba kuiacha siku moja, hata mbili, hakukupunguzii chochote ulichokuwa unakitafuta.

Tena nimetaja mbio tu. Sijahesabu pushapu, wala sijahesabu kazi yako. Unaamka saa kumi na nusu alfajiri, unakimbia, unaoga, unapanda gari kwenda Mtumba, halafu mchana kutwa unapanda na kushuka ngazi za jengo ambalo halijapata hata kuta, unasaidia kubeba nondo pale vibarua wanapopungua, na usiku unalala saa tano. Mwili haujui kwamba zile za alfajiri zinaitwa mazoezi na hizi za mchana zinaitwa kazi. Mzigo wote unaandikwa katika daftari moja.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa ujenzi, sioni haja ya kukutafutia mfano mbali. Zege la slabu likimwagwa leo, kesho linaonekana limekauka, na mtu asiyejua anaweza kusema mirunda iondolewe kazi iendelee. Wewe unajua kwamba uimara wake hupimwa siku ya 28, na kwamba siku zile za mwanzo kazi kubwa ni kulimwagilia maji, hasa kwa jua na upepo wa Dodoma unaonyonya unyevu asubuhi na jioni. Sijawahi kukusikia ukiziita siku hizo siku za uvivu. Sasa mazoezi makali ndiyo kumwaga zege. Nyuzi za misuli huchanika kwa kiasi kidogo sana, akiba ya sukari iliyo ndani yake hutumika, na katika siku moja au mbili zinazofuata ndipo mwili hutengeneza protini mpya na kuijaza akiba ile, kwa chakula unachokula na usingizi unaolala. Usingizi mzito ndio wakati ambao homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi, nawe umeufupisha usingizi huo ili upate muda wa kukimbia.

Misuli ina haraka, mifupa haina. Hapa nakuomba usome polepole. Mfupa wa mtu aliye hai hubomolewa na kujengwa upya muda wote. Unapouzidishia mzigo, seli za kubomoa hutangulia na kuondoa sehemu iliyochakaa, kisha seli za kujenga hufuata nyuma zikijaza pengo kwa mwendo wa taratibu zaidi, na mzunguko mmoja huweza kuchukua miezi mitatu au minne. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mfupa uliokimbiliwa sana huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza, na kwa bahati mbaya ndicho kipindi ambacho pumzi imeshakaa vizuri, misuli imekaza, na mwenye mwili anajiona simba.

Najua hivyo kwa sababu nami nilijiona simba. Nilikuwa na miaka 29, najiandaa kwa nusu marathoni, nikakimbia kila siku kwa wiki kumi. Maumivu yalianza kama yako, juu ya muundi, yakija mwishoni mwa mbio na kupotea nikishaoga. Baadaye yakawa yanakuja katikati ya mbio, kisha mwanzoni, kisha yakanifuata hadi kitandani. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, niendelee. Hakuna aliyenieleza kwamba ufa mdogo wa mfupa uliozidiwa na mzigo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Niliendelea siku kumi na mbili zaidi, na siku ya mwisho nilirudi nyumbani nimepakiwa kwenye bodaboda, nimeshikilia kiatu mkononi. Picha ya pili ndiyo iliyoonyesha ufa. Nililipa wiki nane za magongo kwa kukataa kupumzika Jumapili kumi, na mama yako, ambaye wakati huo alikuwa bado msichana wa shule, ndiye aliyekuwa akinibebea maji ya kuoga.

Kuna maumivu ya muundi yanayosambaa kwa urefu wa mfupa, na hayo mara nyingi hutulia ukipunguza mwendo. Lakini maumivu yanayoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole kimoja, mahali pamoja, ndiyo yanayonitia wasiwasi, na ndiyo niliyokuona ukiyabonyeza. Naomba uende hospitali, umweleze daktari kwamba umekimbia siku 112 bila kupumzika, umtajie namba hiyo waziwazi, na usikimbie tena mpaka atakapokuambia.

Mama yako naye amenipigia simu. Anasema siku hizi unawafokea wadogo zako kwa vitu vidogo, unalala lakini unashtukashtuka, na kilomita zilezile unazimaliza ukiwa umechoka kuliko mwezi wa pili. Mtu mwingine angetafuta mchawi. Mimi nasema hizo ni dalili zinazojulikana za mwili uliozidiwa na mazoezi, ingawa zinaweza pia kuletwa na mambo mengine, na ndiyo maana naomba uhesabu mapigo ya moyo wako asubuhi kabla hujainuka kitandani, kwa dakika nzima, siku saba mfululizo. Yakiwa yamepanda kuliko kawaida yako na hayashuki, tutakuwa na jambo la kumwonyesha daktari. Na kama siku moja, baada ya yale mashindano yenu ya kuchuchumaa mara mia tano, ukaona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, usiningojee mimi wala Jumapili. Nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu huenda hiyo ni misuli iliyovunjika, na mabaki yake huweza kuziba figo.

Uliniambia kwamba Alphonce Simbu, aliyetoka mkoa jirani wa Singida na kuchukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, hakufika pale kwa kupumzika. Mpwa wangu, mwanariadha wa kiwango hicho kukimbia ndiyo kazi yake, na akimaliza kukimbia hapandi ngazi za jengo akiwa na nondo begani. Ana kocha, analala mchana, na sehemu kubwa ya kilomita za wakimbiaji wa masafa marefu hukimbiwa kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Wewe unakimbia kila siku kama kwamba Tokyo ni kesho. Yule mwalimu wa mazoezi aliyekuambia kwamba kupumzika ni uvivu, sina ugomvi naye, ila nakuomba umwulize kama magongo atayanunua yeye.

Sasa niseme lile ambalo sote tunalizunguka. Ulianza kukimbia wiki moja baada ya arobaini ya baba yako. Alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 51, hajawahi hata siku moja kupima shinikizo la damu, na najua umri huo unauhesabu kila unapofunga kamba za viatu. Hofu yako ina msingi, maana shinikizo la damu huweza kutembea katika ukoo na mara nyingi halitoi dalili. Lakini mazoezi ya siku moja huendelea kulishusha shinikizo kwa saa nyingi baada ya kumaliza, na faida ya miezi minne haifutiki kwa sababu Jumapili moja ulilala hadi saa moja asubuhi. Kupungua kwa pumzi kwa kiasi cha kuhisika huchukua kama wiki mbili za kukaa bure. Chumvi unayoongeza juu ya nyama ya kuchoma kabla hata ya kuionja, hiyo siku 112 hazijaigusa. Na nilipokuuliza shinikizo lako ni kiasi gani, ulinyamaza.

Daktari akikuruhusu kurudi barabarani, kimbia siku tatu au nne kwa wiki, moja tu kati ya hizo iwe ya kasi. Siku nyingine tembea jioni kwa mwendo wa haraka, na siku moja usifanye chochote. Ukifika mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto linapopanda kabla ya mvua, beba maji, kwa kuwa hewa yetu kavu hukausha jasho kabla hujalihisi ukadhani hujapoteza kitu.

Njoo Jumapili, kwa daladala. Kipimo cha shinikizo nimekinunua, kiko mezani karibu na redio, na mkaza mjomba wako ameahidi mlenda wenye karanga na ugali wa uwele. Yale mapigo ya siku saba yaandike kwenye karatasi. Simu iache nyumbani.

Mjomba wako,
Ilazo, Dodoma