Presha ya Mimba na Kinga ya Mwili

Mpendwa Zuhura,

Barua yako imenifikia, na kilichoniuma kuliko hata hicho kipimo cha 150 kwa 95 ni maneno ya wifi yako kwamba presha hiyo umejitakia kwa kuwaza sana. Si kweli, na ningependa tulimalize hilo kwanza.

Nusu ya asili ya mwanao ni ya baba yake, kwa hiyo kondo la nyuma, lililojishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, ni mgeni mbele ya kinga ya mwili wako. Mimba inapokwenda vizuri, kinga haimfukuzi mgeni huyo. Seli za kinga zilizomo ndani ya mji wa mimba hulisaidia kondo kuitanua mishipa midogo ya mama ili damu ipite kwa wingi. Maelewano hayo yakilegea katika miezi ya mwanzo, wakati mama hajahisi lolote, mishipa hubaki myembamba, kondo hukosa damu ya kutosha, nalo humwaga katika damu ya mama protini zinazodhuru utando wa ndani wa mishipa ya mwili mzima. Mishipa hubana, presha hupanda, na figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Isitoshe, mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walieleza kuwa wanawake wenye hali hiyo walikuwa na kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoigiza kazi ya angiotensini, homoni inayobana mishipa. Wataalamu wengi wanaona kwamba wenye mimba ya kwanza, kama wewe, hupatwa zaidi kwa sababu kinga yao bado haijamzoea mgeni. Wifi yako na amsomee mtu mwingine hukumu.

Aspirini ya dozi ndogo uliyoisikia huanzishwa mapema, kabla ya wiki ya 20, kwa walio hatarini kupata presha hii. Wewe uko wiki ya 31, basi usijinunulie dukani. Ukiumwa kichwa kisichotulia, ukaona maruweruwe, au ukapata maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kifafa cha mimba. Ipo sindano ya magneziamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu.

Barua yako haikutaja mkojo hata mara moja. Kesho kliniki waombe waupime, kisha uniandikie majibu.

Akupendaye,
Mwanaidi