Briji: pointi 3 zako mwenzako ameshazinadi

Ndugu Mhariri,

Wanaojifunza briji (karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili, zinazoanza kwa mnada wa kuahidi mizunguko mtakayoshinda) hapa Dodoma wana kosa moja linalowaangusha hata wanapocheza karata zao vizuri: wanahesabu pointi zilezile mara mbili. Naomba nafasi nilieleze.

Mpinzani wa kulia kwako anafungua mnada kwa kopa 1, yaani anaahidi mizunguko 7 kati ya 13, kopa ikiwa turufu. Wewe una pointi 11 (kila ree huhesabiwa 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1), huna rangi ndefu, unasema pasi. Wa kushoto naye pasi. Mnada unakaribia kufa, mara mwenzako anaufufua kwa dabo, yaani anakuomba utaje rangi yako. Hapo wengi huruka: nina 11, mwenzangu hakosi 12, twende juu! Wanafika bila turufu 3 (mizunguko 9 pasipo rangi ya turufu) na kuanguka kwa mizunguko miwili.

Nani kasema mwenzako ana 12? Huenda ana 8 au 9 tu. Kilichomfungua mdomo ni hesabu. Karata zote zina pointi 40. Mfunguzi ana kama 13, na mwenziwe aliyenyamazia kopa 1 kwa kawaida hafiki 6. Kama 22 hivi ziko kwenu wawili. Mwenzako akiona zake ni chache, anajua nyingine unazo wewe. Kwa hiyo ameazima kwako mfalme mmoja, yaani pointi 3, akamnadi. Mbuzi mmoja hauzwi mara mbili, hata pale mnadani Msalato.

Basi toa 3 kabla ya kusema lolote. Ile 11 imekuwa 8: taja rangi yako iliyo ndefu kuliko nyingine, kwa ngazi ya chini kabisa, unyamaze. Kuruka ngazi, yaani kutaja rangi ngazi moja juu ya ile ya lazima, ambako siku nyingine kungetaka 9 hadi 11, hapa kunataka 12 hadi 14. Akifufua kwa bila turufu 1, ana 11 hadi 14, si zile 15 hadi 18 za anayeitaja papo hapo baada ya mfunguzi. Bila turufu 3 huhitaji kama 25 kwa jumla, hivyo ukiwa na 11 sema pasi, 12 au 13 muulize kwa bila turufu 2, 14 nenda.

Angalia pia pointi zako zimekaa wapi. Unacheza nyuma ya mfunguzi, kwa hiyo mfalme wa kopa mwenye karata ndogo pembeni ni mali, hasa bila turufu. Malkia na ghulamu wa kopa, mkicheza kwa turufu nyingine, ni mapambo. Ila ukishika kopa 5 nzito, sema pasi uwaache waicheze kopa 1 yao yenye dabo, ambayo wakianguka adhabu huongezeka.

Wapinzani wakipatana na kuishia kopa 2, mwenzako akafufua kwa shupaza 2, usimpandishe, hata kama una turufu 4. Wakisukumwa hadi kopa 3, kazi yake imekwisha. Ukimpandisha unamtia woga, na siku nyingine hatafufua, hata pale panapofaa. Kopa 2 wakiitimiza wanapata alama 110. Shupaza 2 ikianguka kwa mzunguko mmoja mnalipa 50, au 100 mkiwa hatarini (hali ambayo adhabu huwa kubwa zaidi): bado mmeokoa. Mkipanda hadi 3 mkaanguka kwa miwili mkiwa hatarini, ni 200.

Mpenda karata,
Makole, Dodoma