Hizo si saa thelathini

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma huku nacheka, unisamehe. Tiketi inasema unaondoka New York Jumanne saa 4:30 usiku na kufika Singapore Alhamisi saa 11 alfajiri. Ukahesabu kwa vidole, ukapata saa 30 na nusu angani bila kutua, ukaanza kuulizia kuahirisha. Usiahirishe. Hebu geuza ukurasa uone ya kurudi: unaondoka saa 7 usiku, unashuka New York saa 1:30 asubuhi, siku hiyohiyo. Saa 6 na nusu! Mbona hiyo hukuilalamikia?

Zijumlishe zote mbili, utapata 37. Gawa kwa mbili: saa 18 na nusu. Ndiyo safari yako hiyo, kwa kuwa saa ulizozidishiwa wakati wa kwenda ndizo unazopunguziwa wakati wa kurudi. Kiangazi hiki miji hiyo inapishana saa 12 kamili, kwa hiyo hata mishale ya saa yako ya mkononi hutaigusa: saa 2 usiku New York ni saa 2 asubuhi Singapore. (Majira ya baridi, New York ikirudisha saa nyuma, tofauti huwa 13. Hesabu ya kujumlisha inabaki vilevile.)

Kuhusu umbali unaoupima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, tupa hiyo rula. Ramani hiyo ni tufe lililotandazwa kwa nguvu, inadanganya hasa huko kaskazini. Tafuta tufe la dunia na kipande cha uzi. Bana uzi kwenye New York, uvute hadi Singapore mpaka ukazike: utapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, maana miji hiyo iko pande mbili zinazotazamana. Kutoka New York kupanda hadi nchani ni kama digrii 49 za mzunguko wa dunia, kutoka nchani kushuka Singapore ni kama 89. Jumla 138, na kila digrii ni kilomita 111. Kama kilomita 15,300 basi, na hata kikokotoo hukukihitaji sana.

Ila rubani hafuati uzi. Huko juu, kilomita 10 na zaidi, kuna mkondo wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki, na ukikaza unapita kilomita 200 kwa saa. Februari 2020 uliisukuma ndege moja kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, njia ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Ndiyo maana mara nyingi ndege ya kwenda hukata Atlantiki na kupita Ulaya, na ya kurudi hupitia Pasifiki. Zote zinaelekea mashariki! Ukirudi utakuwa umeizunguka dunia nzima, na hilo, nikwambie kweli, nakuonea wivu.

Nahodha akitangaza muda mfupi kuliko wa tiketi usishangae: tiketi huhesabu pia ule mwendo wa kujikokota chini kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Ukifika, nitumie picha ya ramani ya kwenye kiti chako. Nataka kujua mlipita wapi.

Wako,
Mwanaidi