Kwa Mwalimu, baada ya kustaafu

Mpendwa Mwalimu,

Bwana Yesu asifiwe. Tumeshukuru sana kusikia umestaafu salama. Ila uliposema usharika umeshakupa uweka hazina, uenyekiti wa kamati ya ujenzi na uzee wa kanisa, tena mwezi wa kwanza tu, nimeona nisichelewe kujibu.

Fungua Hesabu 8:24-26. Mlawi, mtumishi wa hema la ibada, aliingia kazini na miaka 25. Akifika 50 aliacha utumishi, lakini hakuondolewa hemani, alibaki kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Sasa soma 7:9. Wana wa Kohathi, ukoo mmoja wa Walawi hao, hawakupewa magari ya ng'ombe, vyombo vitakatifu walivibeba mabegani. Ndiyo maana naamini Mungu alimtua mzee mzigo, akamwachia jicho. Sisi tunafanya kinyume: mstaafu anaonekana ana nafasi, basi anatwishwa, na vijana wanabaki kutazama.

Shika moja. Nashauri uweka hazina, kwa sababu hesabu unaziweza. Hayo mengine yarudishe kwa mchungaji kwa maandishi kabla ya kikao kijacho. Barzilai alikuwa na miaka 80 alipokataa mwaliko wa Daudi wa kwenda kukaa Yerusalemu, akamtoa Kimhamu aende badala yake (2 Samweli 19).

Kimhamu wako, yaani kijana wa kukupokea kazi, mtafute sasa, si mwaka wa mwisho. Robo ya kwanza akae nawe sadaka ikihesabiwa, aone tu. Robo ya pili ahesabu yeye, wewe ukague. Robo ya tatu aandike daftari la mapato na matumizi na kulilinganisha na taarifa ya benki. Hapa ndipo wengi huharibu: kijana anakosea jumla, mzee anamnyang'anya kalamu, na kijana harudi tena. Mwambie tu ukurasa wenye kosa, alitafute mwenyewe. Robo ya nne asome taarifa mbele ya baraza, wewe ukiwa umekaa nyuma.

Sadaka wahesabu watu wawili au zaidi, wasaini hapo hapo, iende benki Jumatatu. Ikilala kwako, hata isipopungua senti, maneno yatazaliwa. Wala usilikopeshe kanisa kiinua mgongo chako ukiwa mweka hazina, maana siku ya kulipwa utakuwa mdai na mlipaji kwa wakati mmoja.

Kuhusu pumziko: kwa mweka hazina Jumapili ni siku ya kazi. Ibada, kuhesabu, kikao, unafika nyumbani saa tisa. Chagua siku nyingine nzima, tuseme Jumatano. Simu uizime, na jembe lipumzike pia. Kutoka 20:10 inamtaja hadi mnyama wa kufugwa, na haikuweka umri ambao mtu haihitaji tena siku hiyo.

Niandikie ukishampata huyo kijana. Msalimie sana mama.

Ndugu yako katika Kristo