Barua ya wazi kwa shangazi yangu: neno la akida na vidonge vya sukari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Uliniuliza kwa simu kama kumeza vidonge vya sukari si sawa na kumwambia Yesu kwamba humwamini, na kama hujapona mpaka leo kwa sababu imani yako ni ndogo. Jibu nililokupa siku ile nikiwa kituoni Mbagala Rangi Tatu, katikati ya kelele za makondakta, halikulingana na uzito wa swali. Nimeamua kukujibu kwa maandishi, tena hadharani bila kukutaja jina, kwa kuwa katika jiji hili la Dar es Salaam sijui ni mtaa gani usiokuwa na mama mwenye swali kama lako, anayekwenda kliniki asubuhi na mkesha wa maombi usiku, na kila upande unamwambia kwamba upande wa pili unampoteza.

Niseme mapema kwamba sikuandikii kukushawishi kuwa Yesu haponyi. Ukiondoa uponyaji katika sura tano za mwanzo za Injili ya Marko, hubaki na kitabu cha kusoma. Mama mkwe wa Simoni anashikwa mkono na homa inamwacha. Mwenye ukoma anapiga magoti na kusema, "Ukitaka, waweza kunitakasa," naye anajibiwa, "Nataka, takasika". Mwenye kupooza anateremshwa kupitia darini. Binti wa Yairo anainuka akaambiwa apewe chakula. Hayo nayaamini kama unavyoyaamini wewe. Ninachotaka tukitazame ni jinsi Injili yenyewe inavyoyaeleza mamlaka hayo, maana naona uliyofundishwa katika hema lile la mhubiri wa uponyaji yamechukua maneno ya Injili na kuyageuza juu chini.

Tuanze na yule akida wa Kapernaumu, katika Mathayo sura ya 8 na Luka sura ya 7. Alikuwa mkuu wa askari, mtu wa mataifa, yaani si Myahudi, na mtumishi wake alikuwa hoi kitandani. Kwa Luka, wazee wa Wayahudi ndio wanaomwombea, na hoja yao ni ileile tunayoitumia mjini tunapotaka mtu wetu asaidiwe: anastahili, kwa sababu analipenda taifa letu na ndiye aliyetujengea sinagogi. Waliona kwamba uponyaji hutolewa kwa aliyetoa mchango. Akida mwenyewe aliikataa hoja hiyo. Alituma rafiki zake waseme kwamba hastahili hata Yesu aingie chini ya dari yake, kisha akasema, "sema neno tu, na mtumishi wangu atapona." Sababu aliyoitoa ndiyo inayonivutia kila ninapoisoma: yeye naye yuko chini ya mamlaka, ana askari chini yake, akimwambia mmoja nenda, huenda, na mwingine njoo, huja. Mwanajeshi yule alielewa kwamba amri haipati nguvu kutokana na bidii ya anayeipokea. Askari hujongea kwa sababu ya cheo cha aliyeamuru, na cheo hicho kimetoka juu. Alimtazama Yesu akaona mtu ambaye homa na kupooza humtii vivyo hivyo, na akaona pia kwamba umbali si kitu.

Yesu alistaajabu na kusema kwamba hakuwa ameona imani kubwa namna ile katika Israeli. Sasa niambie, Shangazi, imani hiyo kubwa ilikuwa na nini ndani yake? Hakukuwa na kufunga, kupiga kelele, wala kukana kwamba mtumishi ni mgonjwa. Mtumishi mwenyewe, yule aliyeponywa, hatuambiwi aliamini chochote. Pengine hakujua hata kwamba kuna mtu ametumwa. Imani ya akida ilikuwa kumjua aliyekuwa akizungumza naye, basi.

Na wewe maneno ya mtu huyo umeyasema maisha yako yote. Kila Jumapili parokiani, kabla ya kwenda kupokea komunyo, kanisa zima linasema, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu, na roho yangu itapona." Ulinifundisha wewe kuyasema, nikiwa sijui hata akida ni nani.

Kama neno peke yake linatosha, mafuta yanayouzwa yana kazi gani? Sisemi mafuta ni dhambi. Yakobo anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa kanisa wawaombee na kuwapaka mafuta, na Kanisa letu lina Mpako wa Wagonjwa, ambao padre huuleta mpaka kitandani. Lakini kichupa nilichokikuta kwenye friji yako, kikiwa na picha ya mhubiri kwenye stika na kimewekwa kwenye sehemu ilipokuwa insulini, dawa yako ya sindano, ulikinunua, na ulipokimaliza uliambiwa ununue kingine kwa sababu cha kwanza kilikuwa cha "hatua ya kwanza". Yesu aliwatuma wanafunzi wake waponye wagonjwa na katika agizo lilelile akaongeza, "mmepata bure, toeni bure." Katika Matendo sura ya 8 Simoni mchawi alitaka kununua uwezo huo kwa fedha, na Petro alimjibu kwa ukali ambao sitaurudia hapa. Nchi yetu ina kumbukumbu zake pia. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kufuata kikombe cha dawa cha shilingi 500, na watu wa Dar tulikuwemo. Tarehe 1 Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki wala siwahukumu waliokwenda, kwa maana mgonjwa hufuata tumaini popote linapotangazwa. Nasema tu kwamba mtumishi wa akida alipona bila mtu yeyote kusukumwa.

Nakuja kwenye neno lililokuumiza zaidi, kwamba hujapona kwa sababu imani yako ni haba. Nimetafuta katika Injili nne mahali ambapo Yesu anamwambia mgonjwa aliyemwendea, "Sikuponyi, imani yako haitoshi," na sijapaona. Anayekaribia kustahili maneno hayo ni yule baba mwenye mtoto aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, ambaye alimwambia Yesu usoni, "ukiweza neno lolote," kisha akalia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto aliponywa palepale. Na wanafunzi walipouliza faraghani kwa nini wao walishindwa kumtoa pepo yule, Mathayo anatuandikia jibu: ni kwa sababu ya upungufu wa imani yenu. Tazama lawama ilikoelekezwa. Waliolaumiwa ni waombaji. Baba hakulaumiwa, na mtoto ndiyo kabisa. Mhubiri anayeomba, asione kitu, kisha akamgeukia mgonjwa na kumwambia ana imani ndogo, ameichukua karipio aliyoandikiwa yeye na kuikabidhi kwa mtu mwingine.

Ongeza na wengine. Mtu wa Bethzatha, katika Yohana 5, alikuwa ameugua miaka 38. Alipoulizwa kama anataka kuwa mzima alijibu kwa manung'uniko kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na baada ya kupona hakumjua hata aliyemponya. Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, alikuja usiku pamoja na waliokuja kumkamata Yesu, na sikio lake likaponywa. Kwa mwenye kupooza wa Marko 2, imani inayotajwa ni "imani yao", nami naisoma kwanza kama imani ya wale wanne waliotoboa dari ya mtu. Nani alimpima yule aliyelala kwenye godoro?

Najua utanirudishia Nazareti, kwa sababu mhubiri wako huirudia. Ni kweli Marko anaandika kwamba kule hakuweza kufanya mwujiza wowote, akastaajabu kwa kutokuamini kwao. Isome sura yote. Watu wa Nazareti hawakuwa wagonjwa waliolia usiku wakamkosa Mungu. Walikuwa majirani waliochukizwa naye, wakisema huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu? Walimdharau. Na hata katikati ya dharau hiyo mstari uleule unasema aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache, akawaponya. Utanirudishia pia yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyeambiwa, "Binti, imani yako imekuponya." Hilo silipunguzi hata kidogo. Ila alikuja kwa nyuma, akitaka kugusa vazi na kuondoka asionekane. Hiyo ndiyo imani iliyosifiwa, na wewe unayo ya kutosha kama hiyo. Nguvu ilimtoka Yesu. Mkono wa mwanamke ulikuwa unapokea tu.

Kuhusu dawa, nashangaa jinsi tulivyosahau Biblia yetu wenyewe. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambacho kimo katika Biblia yako ya Kikatoliki, tunaambiwa tumheshimu tabibu, kwamba Bwana ndiye aliyeviumba vya kutibia kutoka ardhini na mwenye busara hatavidharau, na kwamba mgonjwa amwombe Mungu kisha ampe tabibu nafasi yake. Mfalme Hezekia alipougua hadi kufa, alilia, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imetoka kinywani mwa Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza waandae tini wamwekee juu ya jipu. Hakuna aliyesema tini zimemtukana Mungu. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara, na safarini alikuwa na Luka, anayemwita tabibu mpendwa. Yesu mwenyewe alisema, "Wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi," na ingawa alikuwa akizungumza juu ya wenye dhambi, asingeutumia mfano huo kama kwenda kwa tabibu ni aibu.

Kuacha dawa ili kumwonyesha Mungu kwamba unamwamini kunanikumbusha mahali pengine kabisa. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, na alikuwa na Zaburi ya 91 mdomoni: malaika watakuchukua. Andiko lilikuwa sahihi. Jibu likawa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Wewe ulijitupa, Shangazi, na ninaliandika hili kwa uchungu. Ulitoa ushuhuda mbele ya watu kwamba umepona, ukaacha vidonge na sindano, na mwanzoni ulijisikia vizuri, kwa sababu kisukari hakina haraka. Kinaweza kula mishipa ya macho, figo na nyayo bila kuuma. Usiku ule majirani walipokubeba kwenye bajaji, ulikuwa unahema kwa kasi, midomo imekauka, na kile kipimo cha kutoboa kidole kilishindwa kutoa namba, kikaonyesha tu kwamba sukari imevuka kiwango kinachoweza kusomwa. Nesi alipouliza mara ya mwisho ulitumia dawa lini, ulinitazama mimi kwanza kabla ya kumjibu.

Yule mwenye ukoma wa Marko 1, baada ya kutakaswa, aliagizwa aende akajionyeshe kwa kuhani, kama Musa alivyoamuru. Kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi kwa sheria ya wakati ule. Alitazama ngozi, akatoa uamuzi. Yesu hakuogopa ukaguzi. Kwa hiyo ukiamini kwamba umeponywa, pima. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita, na hicho hakidanganywi na mlo wa jana. Kikionyesha kwamba sukari iko sawa, daktari ndiye atakayepunguza dawa, nami nitakuwa wa kwanza kusimama na wewe parokiani kutoa shukrani.

Na isipokuwa hivyo? Paulo alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa, Paulo huyohuyo ambaye leso zake, kwa mujibu wa Matendo, ziliponya watu. Aliomba mara tatu kuhusu ule aliouita mwiba katika mwili wake mwenyewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Kwa nini mmoja anaambiwa takasika na mwingine anaambiwa neema yatosha, sina jibu, na ninamwogopa kidogo mtu anayedai kuwa nalo. Lakini mamlaka ambayo akida aliyaona ni pamoja na haya: mwenye amri ndiye anayechagua lini atoe neno, na kwa njia gani. Hata Lazaro aliyetoka kaburini alikuja kufa tena.

Kliniki yako ni Jumanne. Nitapita kukuchukua saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi namba kabla foleni haijawa ndefu, na jioni Paroko amekubali kuja nyumbani kwa ajili ya Mpako, nimeshamweleza. Usinywe chai wala kula chochote asubuhi hiyo, watachukua damu kwanza. Vidonge vyako vya asubuhi vibebe, utavimeza baada ya kupimwa, na suala la sindano tutamuuliza nesi Jumatatu kwa simu ili tusikisie.

Mwanao akupendaye.